Filamu yangu ya dhahabu imeshika zebaki na haitaki kuachia: imeharibika au ndivyo inavyotakiwa?

SWALI: “Shikamoo dokta. Niko mwaka wa pili masters ya fizikia, projekti yangu ni sensa ya bei nafuu ya mvuke wa zebaki kwa ajili ya wachimbaji wadogo kwetu Geita. Nina vioo vyenye filamu ya dhahabu ya nanomita 10, chini yake kuna kromiamu nanomita 2, nimekata mstari wa milimita 2 kwa 20. Ukinzani ulikuwa ohm 62. Nikipumulia unapanda mpaka 62.4 halafu unarudi. Hata nisipogusa kitu unatembea tembea siku nzima. Nikaweka filamu juu ya mdomo wa kichupa cha zebaki chumbani kwangu hosteli dakika kumi, ikapanda mpaka 71 na haikurudi hata kesho yake. Nikaichoma kwenye tanuru digrii 400 saa nzima, ikatoka na rangi ya waridi na mita inaandika OL, yaani ukinzani umezidi uwezo wake wa kupima. Msimamizi wangu anasema dhahabu haishikani na gesi yoyote, kwamba nilichopima ni waya zilizolegea. Je, gesi inanata kweli kwenye dhahabu? Inakaa juu au inaingia ndani? Na nikipunguza unene mpaka nanomita 3 si itakuwa kali zaidi?”

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Swali lako zuri sana na nitalijibu lote, ila nimelisoma mara mbili na mara zote mbili nimekwama pale ulipoandika “chumbani kwangu hosteli”. Naomba tuanze hapo, fizikia itasubiri.

Zebaki haina harufu, mvuke wake hauonekani, na kwa joto la nyuzi 30 hewa iliyotulia ndani ya kichupa chako inabeba kama miligramu 30 za zebaki kwa kila mita ya ujazo. Kikomo ambacho wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanapendekeza kwa mtu anayefanya kazi siku nzima ni 0.025. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya mara elfu moja. Ni kweli hewa ya chumba haifiki huko kwa dakika kumi za kichupa kuwa wazi, lakini mvuke ukiuvuta karibu asilimia 80 yake inabaki mwilini kupitia mapafu, na kama tone moja lilidondoka likaingia kwenye ufa wa sakafu basi linaendelea kutoa mvuke wiki na miezi wewe umelala hapo. Kwa hiyo leo hii kifunge kichupa, kiweke ndani ya chombo kingine chenye mfuniko, kipeleke kwa fundi sanifu wa maabara ya kemia, mwambie ukweli ulikifungulia wapi. Kama kuna tone lilidondoka USIFAGIE, ufagio unalipasua kuwa vitone vidogo vidogo vinavyotoa mvuke zaidi, fungua madirisha, mtoke wote mnaolala humo, na chuo kiite mtu anayejua kusafisha zebaki. Wakikuzungusha, ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayosimamia mambo ya kemikali, waulize wao. Na wewe mwenyewe nenda hospitali uombe kipimo cha zebaki kwenye mkojo, hasa kama ulirudia jaribio mara nyingi. Ukiwa na kikohozi, kifua kubana, mikono kutetemeka, usingizi kukataa au fizi kuuma, usisubiri jibu la mtu yeyote wa mtandaoni, mimi nikiwemo, nenda leo. Na hilo tanuru la digrii 400, zebaki yote iliyokuwa kwenye filamu ilitokea huko, kwa hiyo waliokuwa chumba cha tanuru nao wana haki ya kujua.

Haya, sasa tuje kwenye filamu.

Msimamizi wako hajakosea kabisa. Dhahabu kweli haishiki kutu, oksijeni ya kawaida ikifika juu yake haiwezi kupasuka ikawa atomi mbili zikajifunga pale, ndio maana pete ya bibi yako inang'aa mpaka leo. Wanafizikia Hammer na Nørskov walieleza sababu mwaka 1995: atomi inapojaribu kujifunga kwenye metali, elektroni za ganda la d za metali zinatengeneza na yule mgeni hali mbili, moja inavuta na moja inasukuma. Kwenye platinamu au nikeli ile inayosukuma inabaki na nafasi tupu, kwa hiyo mvutano unashinda. Kwenye dhahabu zote mbili zimejaa, hivyo faida ya kuungana inaliwa. Lakini hiyo ni habari ya oksijeni, haidrojeni na wenzao. Kusema “gesi yoyote” ndipo kosa linapoingia. Salfa inaishika dhahabu vizuri sana. Na zebaki… jamani, mtu wa Geita akuambie dhahabu haishikani na zebaki? Wachenjuaji wa kwenu wanamimina zebaki kwenye mchanga kwa sababu hiyohiyo moja, inaichagua dhahabu inaacha mawe. Kinachotokea kwenye karai lao ndicho kilichotokea kwenye kioo chako, tofauti ni kwamba kwako zebaki ilikuja kwa njia ya hewa, atomi moja moja.

Tuweke maneno sawa kidogo maana hapa wengi wanachanganya. Kuna adisopsheni na kuna abisopsheni, zinatofautiana herufi moja na watu wanadhani ni kitu kimoja. Ya kwanza ni kunata juu ya uso, kama vumbi kwenye meza. Ya pili ni kuzama ndani, kama maji kwenye sponji. Paladiamu na haidrojeni ni mfano mzuri wa zote mbili kufuatana, molekuli inanata juu, inapasuka, halafu atomi zinaingia ndani ya metali mpaka metali yenyewe inavimba. Thomas Graham aliliona hilo mwaka 1866, paladiamu inameza haidrojeni mamia ya mara ya ujazo wake. Kwa hiyo ulipouliza “inakaa juu au inaingia ndani” umeuliza swali lenyewe hasa, na kwa zebaki kwenye dhahabu jibu ni kwamba inategemea umeipa kiasi gani. Nitarudi hapo.

Na kunata kwenyewe kuna kwa aina mbili. Kuna kunata kwepesi, ule mvutano mdogo ambao kila kitu kinao kwa kila kitu, ndio unaomfanya mjusi kafiri atembee darini bila gundi. Halafu kuna kunata kwa kuungana, ambapo elektroni za mgeni na mwenyeji zinashirikiana kikweli. Tofauti yake usiione kama ndogo, iangalie kwa muda ambao molekuli inakaa juu ya uso kabla ya kuruka. Kwa joto la chumba, iliyoshikwa kwa elektronivolti 0.3 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati) inakaa sehemu moja ya milioni mia ya sekunde, imefika imeondoka. Ikiwa 0.8 inakaa kama sekunde 3. Ikiwa 1.0, karibu saa moja na dakika 45. Ikiwa 1.5 unazungumzia miaka elfu hamsini. Umeona inavyoruka? Nishati imeongezeka mara tano tu, muda umetoka kwenye kupepesa jicho mpaka kwenye umri wa mawe. Ndiyo maana pumzi yako ilirudi na zebaki haikurudi, na ndiyo maana joto linasaidia, yule wa 1.0 ukimpeleka nyuzi 127 anaondoka kabla nusu sekunde haijaisha.

Sasa kitu ambacho nataka kikuingie: filamu yako haijawahi kuwa tupu hata siku moja. Kwenye hewa ya kawaida kila atomi ya dhahabu iliyo juu inagongwa na molekuli za hewa kama mara milioni 200 kwa sekunde. Hata ndani ya vakyumu, yaani chombo kilichonyonywa hewa, yenye shinikizo la sehemu moja ya milioni ya Torr, ambayo kwa maabara zetu nyingi ni vakyumu ya kujivunia, tabaka zima linaweza kujaa kwa sekunde moja kama kila anayefika ananata. Irving Langmuir ndiye aliyetufundisha kuhesabu hivi, alikuwa anahangaika na nyuzi za tungsteni za balbu za umeme kule General Electric, akagundua gesi inajipanga tabaka moja la atomi halafu nafasi zinaisha, mlinganyo wake ni wa 1918 na Nobeli akapata 1932. Ukitaka kuona kwa macho yako, siku utakapotoa kioo kipya kwenye mashine dondoshea tone la maji safi pembeni pale usipopima, linatandaa. Kingine kiache mezani mpaka kesho udondoshee tena, tone linasimama kama shanga. Dhahabu ni ileile, ila imeshavaa koti la mafuta yaliyokuwa hewani, moshi wa jikoni, dizeli, manukato ya watu. Mara ya kwanza nilipoona nilidhani nimechanganya sampuli, nikarudia na vioo vipya, jibu likawa lilelile.

Kwa nini basi koti la atomi chache linabadilisha ohm? Kwa sababu ni nyembamba mno. Nanomita 10 za dhahabu ni kama matabaka 42 ya atomi, basi. Elektroni ndani ya dhahabu kwa kawaida inasafiri kama nanomita 38 kabla ya kugongana na kitu, sasa kwako dari na sakafu viko karibu kuliko hiyo safari, hivyo inagonga uso tena na tena. Fikiria mtoto anapiga mpira kwenye ukuta uliopigwa lipu laini: mpira unaruka kwa pembe ileile na unaendelea mbele. Sasa huo ukuta uwe umetokeza kokoto, mpira unaruka kokote hata kurudi ulikotoka. Uso safi wa dhahabu ni lipu, atomi ya mgeni ni kokoto. Elektroni zinapoteza mwelekeo, ukinzani unapanda. Fuchs aliandika hesabu yake mwaka 1938, Sondheimer akaipanua 1952. Kwenye waya wa unene wa milimita uso ni sehemu ndogo sana hata huoni kitu, kwenye filamu yako uso ndio kila kitu.

Tukianza na pumzi yako: 62 kwenda 62.4 ni asilimia 0.65. Ukinzani wa dhahabu unapanda kwa joto pia, filamu nyembamba kama yako chukulia asilimia 0.2 hadi 0.3 kwa kila digrii. Yaani digrii mbili au tatu tu zinatosha kueleza hicho chote, na pumzi ya mtu ni ya moto. Mvuke wa maji nao unanata ndiyo, lakini hapo nadhani ulipima homa yako mwenyewe zaidi ya gesi. Hili usilione dogo, watu wanajaza kurasa za tasnifu kwa joto la chumba wakidhani ni kemia.

Kutembea tembea siku nzima ni mchanganyiko. Kuna joto tena, asubuhi na mchana havifanani. Kuna lile koti la mafuta linaloendelea kuvaliwa. Na kuna filamu yenyewe bado inajipanga, chembechembe zake, yaani fuwele ndogondogo zinazoiunda, zinatulia na hapo ukinzani unashuka polepole, huku kromiamu ya chini inapanda taratibu kupitia mipaka ya chembe na hiyo inaupandisha. Hivyo angalia unaelekea wapi, utajua nani anashinda.

Halafu ile 71. Hapo hakuna ubishi, asilimia karibu 15 haiwezi kuwa joto, wala waya iliyolegea, maana waya iliyolegea inaruka juu na chini, haipandi kwa utulivu dakika kumi ikabaki kesho yake. Ile ni zebaki. Lakini tatizo lako ni dozi. Mstari wako una eneo la sentimita mraba 0.4, tabaka moja kamili la zebaki juu yake ni kama nanogramu 130, na kiasi hicho kwa nyuzi 30 kimo ndani ya hewa ya kichupa inayojaa kijiko kimoja cha chai. Kijiko kimoja! Wewe umeikalisha mdomoni mwa chupa dakika kumi. Tabaka la juu lilijaa mapema, na zilizofuata zikaanza kuzama kwenye mipaka ya chembe na kuyeyukia ndani ya dhahabu, yaani umetoka kwenye kunata ukaingia kwenye amalgamu, uleule mchanganyiko wa wachenjuaji. Kilichonata juu unaweza kukibandua kwa joto dogo, kilichoingia ndani kikishapangua chembe za filamu, hata ukikitoa filamu hairudi ilivyokuwa. Kwa hiyo sensa yako ilifanya kazi, ila uliizamisha.

Na tanuru ndilo lililomaliza. Filamu ya nanomita 10 juu ya kioo haipendi kuwa filamu, dhahabu na kioo havipendani, ikipata joto la kutosha atomi zinatembea na inajikusanya kuwa vitone, kama maji juu ya mfuko wa nailoni. Ile rangi ndiyo ushahidi. Kabla ya hapo ukiitazama kwa mwanga wa dirishani ilipitisha rangi ya bluu-kijani, sivyo? Waridi au zambarau maana yake sasa ni visiwa vilivyotengana, umeme hauna njia ya kupita, mita ikaandika OL. Kromiamu kidogo inachelewesha hilo lakini kwa digrii 400 saa nzima haiwezi. Hiyo usihangaike nayo tena, ifunge kwenye mfuko wa plastiki uiandike “ina zebaki” uikabidhi.

Kuhusu nanomita 3, nakushauri usifanye. Najua mantiki yako, nyembamba zaidi uso unatawala zaidi, na kwenye karatasi ni kweli, lakini dhahabu kwenye kioo haianzi kama shuka, inaanza kama visiwa na visiwa vinaungana vizuri ukifika kama nanomita 7 hadi 10. Kwa 3 utakuwa na visiwa vyenye nyufa, ukinzani mkubwa unaoruka kwa unyevu tu, na sehemu nzuri ya umeme wako itakuwa inapita kwenye kromiamu. Kuna filamu nyembamba hivyo zilizotengenezwa kwa usafi wa ajabu ambapo hata kuongeza tabaka moja la atomi kunabadilisha kasi ya gesi kuungana, mwaka 2004 kundi la Trieste huko Italia, mji uleule wanafunzi wetu wengi wa fizikia wanaoenda ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia, walionyesha hilo kwa magnesiamu juu ya tungsteni wakiipa oksijeni. Inatokea kwa sababu elektroni zimebanwa ndani ya matabaka machache kama hewa ndani ya filimbi. Inapendeza sana, ila inataka uso bapa kwa kiwango cha atomi na vakyumu kali, kioo cha dukani hakikupi. Mimi ningekwenda kinyume chako, nanomita 15 hadi 20. Bado uko chini ya zile 38 za elektroni kwa hiyo mwitikio upo, unapungua kidogo, lakini filamu inatulia na inavumilia joto. Kwa sensa itakayokwenda kwenye vumbi la Geita nachagua utulivu kuliko ukali.

Ningekuwa wewe ningeanza na filamu mpya mbili kwenye kioo kimoja. Ya kwanza wazi, ya pili imezibwa kwa kioo kidogo na gundi ya epoksi iliyokauka kabisa, uziweke kwenye daraja la Wheatstone lile mlilosoma kidato cha sita. Joto linazigusa zote mbili hivyo linajifuta, gesi inaigusa moja tu. Vipimo vya zebaki vinavyouzwa vyenye filamu ya dhahabu vinatumia wazo hilohilo. Kila mstari upime kwa waya nne, mbili za kupeleka mkondo mbili za kusoma volti, hapo hoja ya waya zilizolegea itajifia yenyewe bila wewe kubishana na mwalimu. Kabla ya gesi yoyote zipashe nyuzi 150 saa kadhaa zitulie, uziache zipoe, usome siku tatu.

Zebaki sasa, ndani ya kabati la kufyonza moshi la maabara, msimamizi akiwepo, kamwe si kwingine. Usiweke filamu mdomoni mwa chupa, vuta kwa sirinji mililita moja ya hewa ya juu ya zebaki kwenye chupa iliyozibwa, andika joto lake, kwa nyuzi 30 umebeba kama nanogramu 30, robo ya tabaka hivi hata kama zote zitanata. Iingize kwenye kijisanduku chenye filamu, soma, subiri, ongeza. Utaona hatua zinazopanda kwa ngazi zinazokaribia kufanana mwanzoni halafu zinapungua nafasi zikiisha, na huo mkunjo ndio Langmuir wako wa kuandika kwenye sura ya nne. Ukifika nusu ya tabaka simama, pasha nyuzi 120 hadi 150 polepole, moshi upite kwenye mkaa uliowekwa salfa, uone kama inarudi. Usivuke hapo.

Na nikuambie bila kukuficha, kifaa cha hivi kitaonyesha mvuke upo au umeongezeka, lakini namba ya kumwambia mchimbaji “hapa ni salama” hakitaitoa mpaka kilinganishwe na kipimo kilichothibitishwa, na salfa ya hewani, klorini, hata unyevu vinaweza kukidanganya. Ukiona maabara yenu haina kabati linalofyonza vizuri, badilisha gesi, jifunze kunata kwa mvuke wa pombe au maji kwenye filamu hizohizo, fizikia yake ni halali kabisa na tasnifu itasimama, zebaki utaifanya baadaye mahali penye vifaa.

Nenda kwanza ukapime huo mkojo. Ukishakuwa na filamu mpya nitumie usomaji wa siku tatu za mwanzo, ukinzani na joto la chumba kwa kila saa, kabla hujaipelekea zebaki hata kidogo, nitazitazama nikuambie kama imetulia.